Blasha ya Mgando

Ingia duka lolote la vipodozi Buguruni, Dar es Salaam, upande wa sokoni, uombe "krimu ya mashavu". Muuzaji hatakuuliza rangi. Atakuangalia ngozi kwanza, halafu atashusha sauti: "Anti, unataka kutakata au ni madoa tu?" Hajakusikia vibaya. Amesikia neno krimu, na hapa mtaani neno hilo lina kazi moja inayojulikana, nayo ni kutoa rangi, wala si kuitia.

Kamusi haina habari hizo. Kwenye kamusi krimu ni kitu laini cha kujipaka, basi. Lakini wasikilize wanawake wawili kwenye daladala ya Gongo la Mboto wakimsema wa tatu: "Siku hizi anatumia krimu." Sentensi imekwisha hapo, na hakuna anayeuliza krimu gani. Ndugu zake ni mkorogo na kujichubua, na ukoo huu umeshafika mpaka kwenye vitabu vya serikali. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliiweka kazi ya kukagua vipodozi mikononi mwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Julai 2019 TFDA ikageuzwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS. Wakubwa wamebadilika, ila taarifa za shehena zilizokamatwa huja na maneno yaleyale: zebaki, haidrokwinoni, steroidi, "viambata vyenye sumu". Ofisini wanasema viambata, mtaani wanasema mkorogo, na la mtaani ndilo lenye picha. Unaiona mirija miwili mitatu ikikamuliwa kwenye kopo moja, kijiti kikizunguka ndani, na mwenye nao akikuhakikishia kwamba huu wake hauna madhara.

Aliyeutumia muda mrefu hujulikana kwa mashavu. Ngozi hukonda, vishipa vyembamba hujitokeza, jua likipiga mashavu yanawiva, huku vifundo vya vidole vimebaki vyeusi vilevile kama vilivyozaliwa. Kwa hiyo bidhaa yenye jina krimu, ambayo kazi yake ni kuyatia mashavu wekundu, inaingia Buguruni ikiwa na kesi mbili kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Bidhaa ninayoisema ni rangi ya mashavu ya Fenty Beauty, nyumba ya vipodozi ya Rihanna. Walianza Septemba 2017 na faundesheni ya rangi 40, na wengi wetu wenye ngozi nyeusi tukaacha kununua makopo mawili ili kupata rangi moja. Niliwapendea hapo na sijawaacha. Mwaka 2020 wakatoa rangi ya mashavu isiyo ya unga. Tarehe 27 Mei 2022 wakaingia rasmi Afrika, nchi nane kwa mkupuo, Kenya ikiwemo, Tanzania ikiwa haimo. Basi kwetu inafika kwa njia iliyozoeleka: ndani ya begi la mtu aliyetoka Dubai au Nairobi, inashuka Kariakoo, inasogea Buguruni, na njiani inajipatia mapacha wa bandia wanaofanana nayo mpaka maandishi ya kisanduku. Ukinunua, nunua kwa mtu unayejua atakuwepo hapo wiki ijayo.

Kijikopo chenyewe ni kidogo, hata robo ya kiganja hakijazi. Ukibonyeza kwa ncha ya kidole, juu panaitikia kidogo tu. Ukisugua, joto la kidole linalegeza nta, na rangi inakuja. Nilipaka mstari nyuma ya mkono nikatoka nao juani, maana taa za madukani huisemea uongo kila rangi. Mstari haukupauka.

Kupauka ndiko kulikonifukuza kwenye rangi za unga. Unga wa mashavu kwa kawaida hukorogewa kwenye talki na maika, vitu vyenye weupe wake. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo hujificha. Kwenye ngozi yangu unabaki juu, na shavu linakuwa kama goti la mtoto aliyekimbia shule kabla ya kupakwa mafuta. Hii ya kopo imefungwa kwenye mafuta na nta, kwa hiyo ngozi inaonekana kupitia rangi, na wekundu unaonekana umetoka ndani. Joto la Dar nalo linadai chake. Saa nane mchana, kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kila chenye mafuta usoni hutaka kushuka kidevuni, na fundi yeyote wa maharusi atakuambia ukishapaka uibane kwa poda kidogo. Ushauri mzuri, ila poda ndiyo niliyokuwa naikimbia.

Turudi kwenye jina, maana kipodozi hiki kinanivutia kwa jina kuliko hata kwa rangi. Kiingereza kimelijenga kwa vipande viwili, cream blush, na vyote viwili vikivuka bahari vinapata maji.

Tuanze na blush, kipande kinachotaja uso kuwiva kwa haya. Kwa Waingereza haya hukaa mashavuni. Kwetu sisi haya hukaa machoni: mwenye haya huinamisha macho, asiye nayo ni mkavu wa macho, na mtoto anayejibizana na wakubwa huulizwa kama macho yake hayana haya. Wekundu tumeuachia hasira. "Macho yamemwiva" haisemwi kwa bibi harusi aliyeangaliwa na mumewe. Husemwa kwa mtu ambaye ni vizuri umpishe njia. Mtafsiri akituletea "rangi ya haya", ataeleweka na washairi wawili, tena wakiwa wameshakula. Waarabu hawakujisumbua na hisia za mtu; wakaiita ahmar khudud, wekundu wa mashavu. Na sisi tunayo "rangi ya mashavu", istilahi safi isiyo na kosa, inayofaa kwenye karatasi ya mtihani na kwenye maelezo ya nyuma ya kisanduku. Kwenye kaunta yenye foleni nyuma yako, ni ndefu.

Vijana wakaona wachukue neno lilivyo: blashi. Shida ikaanzia hapohapo dukani, kwa sababu duka linalouza blashi linauza na brashi, tena zimepangwa rafu moja. Dar ni mkusanyiko wa watu wa kila pembe, na l na r za watu wengi hubadilishana zamu, kalamu ikawa karamu na maisha yakaendelea. Nimemwona binti akiomba blashi ya elfu tano, akaletewa brashi ya poda yenye mpini wa rangi ya dhahabu. Akasema hapana kaka, blashi. Kaka akarudi na brashi ndogo zaidi.

Waliowatangulia walikuwa na jibu siku nyingi. Mafundi wa saluni wa rika la mama zangu wadogo husema blasha. Kiingereza kilichotufikia mwanzo kilikuwa cha Uingereza, na Waingereza huliongezea neno hilo kimalizio cha mtendaji, ambacho Wamarekani hukikata. Blashi ni mgeni wa juzi, ameingia na video za simu. Blasha ni mwenyeji, na irabu yake ya mwisho inafanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga: hata mtu akisema brasha, hakuna atakayemletea brashi. Mwenye kushikilia sana silabi za Kibantu angetaka tuseme bulasha, kwa mfano wa buluu. Simuungi mkono. Tulishavaa blauzi na kujifunika blanketi bila kuuliza irabu iko wapi.

Basi blasha imekaa. Kimebaki kipande cha pili, hicho cha krimu, na hapa ndipo kijana mmoja wa Buguruni alinimaliza. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu: ile ya kwenye kopo, siyo ya unga, ile inayopakwa kwa kidole. Yeye macho yake yalikuwa kwenye simu. Akaniuliza: "Blasha ya unga au ya mgando, anti?"

Mgando! Kila nyumba ya Dar ina neno hili, na mimi nililipita kila siku kwenye meza ya kioo. Mafuta ya kujipaka tunayagawa mafungu mawili, mafuta ya maji na mafuta ya mgando. Ya maji ndiyo losheni ya kwenye chupa, ya mgando ni yale mazito ya kopo ambayo mtoto hupakwa mpaka visigino. Jirani yake jikoni ni maziwa ya mgando. Mgando ni hali ya kitu kilichokuwa kinatiririka kikatulia, lakini bado kinakubali kidole. Darasani tulifundishwa hali tatu za maada, yabisi na kimiminika na gesi, na mgando haumo kwenye orodha, ingawa nusu ya vitu vilivyopo kwenye meza yangu ya kioo viko kwenye hali hiyo.

Kijana hakubuni kitu. Alifuata utaratibu ambao maduka ya Dar yameutumia kwa sabuni miaka na miaka: sabuni ya unga, sabuni ya maji, sabuni ya mche, sabuni ya kipande. Mfumo huo haujali kitu kimetengenezwa na nini wala kinatoka kampuni gani. Unajali kitakavyofika mkononi mwako: utakichota, utakimimina, utakikata au utakishika. Mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani na mama yake ana mfumo wote kichwani kabla hajajua kusoma. Likija jambo jipya, linaulizwa swali lilelile. Wanja wa maji, wanja wa penseli. Poda ya unga ingeonekana kurudia neno, lakini nimeisikia, na inaeleweka. Kwa hiyo blasha ya mgando ilikuwa imeshatengenezewa nafasi kabla Rihanna hajafikiria kutengeneza yoyote.

Ukiangalia maumbo ya maneno, mgando na mkorogo ni mapacha. M- mwanzoni, -o mwishoni, kitenzi katikati: kuganda kumezaa mgando, kukoroga kumezaa mkorogo, kama kusuka kulivyozaa msuko wa nywele. Wametoka tumbo moja la sarufi, tabia mbalimbali. Mmoja anaandikwa kwenye kopo la mafuta ya mtoto, mwingine anatafutwa na wakaguzi. Sababu iko kwenye vitenzi. Kuganda hakuna mtendaji. Mafuta huganda yenyewe yakipata baridi, maziwa huganda yenyewe yakiachwa. Kukoroga kuna mtu nyuma yake, mwenye kijiti na nia. Sidhani kijana wa dukani aliyapima haya, lakini sikio lake lilichagua, na lingeweza kuchagua krimu ambayo imeandikwa wazi kwenye kisanduku mbele yake.

Yalikuwepo maneno mengine ya kushindana. Malai, utando wa juu ya maziwa, neno lililofika pwani kutoka upande wa India. Blasha ya malai ningeinunua kwa jina tu, hata kama rangi yenyewe hainifai. Ila malai wanaijua wapishi wa pwani na wanywa chai wachache, na kijana wa Buguruni aliyekulia Singida hatakupa. Rojo ni nyepesi mno, inadondoka. Mafuta peke yake, "blasha ya mafuta", nimeisikia Kariakoo Mtaa wa Kongo, na si mbaya, ila inamfanya mteja afikirie uso unaong'aa saa sita mchana, na hilo ndilo hasa analoliogopa.

Vitenzi vyetu vya urembo, ukivipanga mstari, vina jambo la ajabu. Mwanamke aliyependeza sana amejipara. Kupara ni kumtoa samaki magamba. Au amejikwatua, na kukwatua ni kusugua chombo mpaka king'ae, au kuparua majani kwa jembe juujuu. Nyusi zinatindwa, na kutinda ni kukata. Siku hizi zinachongwa, kazi ya seremala. Anayetafuta weupe anajichubua, anajitoa ganda. Vyote hivyo ni vya kutoa, kukwangua, kupunguza. Ni kama lugha inaamini kwamba uzuri upo tayari chini, umefunikwa tu, na kazi ya mwenyewe ni kuukwangua utokeze. Upande wa pili kuna vitenzi vya kuweka, vichache na vipole: kupaka, kutia, kuchora. Wanja hutiwa, piko huchorwa, hina hupakwa. Krimu, kwa maana ya mtaani, imekwenda kukaa na wakwanguaji. Mgando umekaa na wapakaji. Mteja anayeambiwa "ya mgando" anasikia kitu kitakachowekwa juu ya ngozi aliyonayo, na hakuna anayemuuliza kama anataka kutakata.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na kabati zima la upande huu wa kupaka. Liwa iliyosuguliwa kwenye jiwe la msio kwa maji kidogo mpaka itoke tope la harufu. Dalia ya manjano. Singo kwa mwili wa mwari anayeandaliwa. Manjano yenyewe, ile ya jikoni. Ukiitazama rangi, uso wa pwani ulipewa umanjano na weusi wa wanja. Wekundu ulikaa viganjani na nyayoni kwa hina, na midomoni kwa tambuu. Mashavu hayakupewa wekundu, na ndiyo maana jina la kuutaja mashavuni linatusumbua leo: kitu hakikuwepo, neno lingetoka wapi? Lakini malighafi ilikuwa mlangoni. Oksidi ya chuma, ambayo hutia wekundu kwenye vipodozi vingi vya leo, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka, na ndiyo ngeu ambayo mafundi seremala walipigia mistari kwenye mbao. Ngeu ilijua kazi ya mbao tu. Hakuna aliyeipeleka shavuni.

Shekha Nasser wa Shear Illusions, hapahapa Dar es Salaam, alipotafuta jina la vipodozi vyake alikwenda kwenye kabati hilo la bibi, akachukua manjano: LuvTouch Manjano. Nusu ya kwanza ya jina ni ya dunia nzima. Nusu ya pili haimhitaji mkalimani kwa mwanamke wa Tanga, ambaye anajua manjano inakwenda usoni kabla hata ya kwenda kwenye sufuria. Ningependa kuona majina zaidi yakitoka humo. Liwa ni silabi mbili, inatamkika Lagos na London, na sijui wafanyabiashara wetu wanasubiri nini.

Nimeshaulizwa, na mtu anayefanya kazi ya tafsiri, kwa nini nisiipelekee BAKITA wakatoa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu sheria ya mwaka 1967, na kazi yake naiheshimu kuliko wengi wanaolicheka. Utaratibu wa kuunda istilahi unaofundishwa vyuoni ni mzuri: anza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, ukikosa nenda lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, halafu ndiyo ukope nje. Kwa utaratibu huohuo mgando unashinda hatua ya kwanza, hakuna haja ya kwenda mbali. Hofu yangu ni kwamba kitu kikifika mezani rasmi, kuna mtu atajisikia lazima aunde. Naliona kabisa neno "kiwekundishio" likitokea kwenye jedwali la safu tatu, limekamilika kisarufi, na hakuna binti hata mmoja wa Buguruni atakayemaliza kulitamka kabla muuzaji hajahudumia mwingine.

Maneno ya kuundwa hushika, sikatai. Kishikwambi kilichekwa sana kilipotoka. Kisha makarani wa Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi, redio zikakitaja asubuhi na jioni, na baada ya hapo anayesema tableti ndiye anayeonekana kachelewa. Barakoa ilikuja kwa njia nyingine: vazi la zamani la uso la wanawake wa pwani na Omani, neno lililokuwa limebaki kwa wazee na kwenye kamusi, likatolewa kabatini mwaka 2020 likafunika pua za taifa zima. Kishikwambi kilibebwa na makarani, barakoa ikabebwa na hofu. Blasha ya mgando ina wabebaji wake, vijana wa kaunta na mafundi wa maharusi, ambao neno likishindwa kueleweka wanapoteza shilingi palepale. Baraza likiwa na siku moja ya ziada, likae nao. Hata Kariakoo wanakochukua mzigo ilipata jina kwa sikio, kutoka kwenye kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Hakuna aliyepiga kura.

Kwenye majina ya rangi, vijana hao ni hodari zaidi. Fenty wamezipa baadhi ya blasha zao majina ya vinywaji: Daiquiri Dip, Bikini Martini, Summertime Wine. Mama mwenye ushungi aliyekuja kununulia binti yake kwa ajili ya sendofu hataomba martini ya shavuni, na hakuna anayemtarajia aombe. Muuzaji anafungua vifuniko vinne vitano, mama ananyooshea kidole, na rangi inapata jina jipya kwa Kiswahili: hii ya waridi, hii ya zambarau, hii damu ya mzee. Damu ya mzee! Mimi nikipewa kazi ya kutetea Kiswahili mahakamani nitaanza na jina hilo. Wekundu ulioiva, ulioelekea weusi, usiopiga kelele. Rangi hiyo tunaijua kwenye sketi za shule, kwenye makochi, kwenye mageti ya chuma, na kwa ngozi nyeusi ndiyo rangi bora ya shavu kuliko waridi zote za kwenye kisanduku. Kwa ngozi ya maji ya kunde, muuzaji atakusogezea ya chungwa iliyofifia. Angalia alivyofanya: ameitaja ngozi kwa mboga, rangi kwa tunda, bidhaa kwa hali ya maziwa, na mteja amemwelewa tangu neno la kwanza. Nchi za wenzetu huajiri wataalamu wa kubuni majina ya rangi.

Haina maana kwamba kila kitu kimetulia. Kuna aina ya tatu, blasha iliyotengenezwa kama lipstiki nene, unazungusha chini inatoka juu, unajichora nayo moja kwa moja. Kwa mantiki ya sabuni, hii ni blasha ya mche, na nilijivunia sana kulipata jina hilo. Tena hesabu za shule ya msingi ziko upande wangu: umbo la namna ile, duara chini na duara juu, wanafunzi wanafundishwa kuliita mche duara na kulitafutia ujazo. Nikamwambia kijana wangu wa mgando. Akacheka mpaka akaweka simu chini.

"Mche ni sabuni ya kufulia, anti. Nikimwambia mteja blasha ya mche, atajua namuuzia ya kukata kwa kisu."

"Sasa wewe unaiitaje, mdogo wangu?"

"Stiki."

"Stiki si neno."

"Kwenye kisanduku lipo."

Nikamwambia na krimu nayo ipo kwenye kisanduku, mbona hiyo hakuitaka. Alikuwa bado anatafuta jibu, mwanamke wa makamo mwenye kikapu cha mboga akapenya katikati yetu, akaweka noti ya elfu kumi juu ya kioo. "Kaka, zile blasha za kuzungusha bado zipo?" Akainama akamtolea mbili achague.